Jumamosi ya matarumbeta Indianapolis

Jamani, jana tulikuwa Lucas Oil Stadium kutwa nzima na masikio bado yanavuma! Bendi ya shule ya mwanangu ilishiriki mashindano ya kanda ya Bands of America, yaani mashindano ya bendi za gwaride za shule za sekondari huku Marekani.

Mimi mtoto wa Mombasa, nimekulia kwenye beni za harusi, lakini haya ni mambo mengine. Bendi huingia katikati ya uwanja wa futiboli ya Kimarekani, na kila mtoto ana mahali pake pa kukanyaga, hatua 8 kwa kila yadi 5. Wanatembea kinyumenyume huku wakipuliza tromboni, vifua havitikisiki, macho kwa kiongozi aliyesimama juu ya jukwaa. Mbele kumepangwa marimba. Kikundi cha wachezesha bendera nao wanarusha bunduki za mbao, zinazunguka hewani, wanazidaka palepale ngoma inapopiga. Nilipiga vigelegele, wazee wa Kizungu pembeni wakageuka kunitazama!

Alama ni 100: muziki 60, mwonekano na mwendo 40. Mchana ni mchujo, na wenye alama za juu hurudi usiku kwa fainali.

Wetu hawakufika fainali. Inauma, lakini kijana wangu alitoka uwanjani akiniambia, "Mama, leo tumesikika kama mtu mmoja." Tangu Julai wanafanya mazoezi juani, kwa hiyo namwamini.

Asanteni sana wazazi mliosukuma zile marimba hadi uwanjani. Mmefanya kazi kubwa.