Medali ya chini ya baraza: utafiti umefikia wapi

Medali iliyopatikana Mji wa Kale, Mombasa, mafundi walipokuwa wakibomoa baraza iliyopasuka, sasa imetambulika. Ni Medali ya Vita ya Uingereza ya 1914 hadi 1918, ya fedha, yenye upana wa milimita 36. Upande mmoja una kichwa cha Mfalme George wa Tano, na wa pili una mpanda farasi aliye uchi, farasi wake akiikanyaga ngao yenye tai. Zilitolewa zaidi ya milioni 6, kwa hiyo si adimu hata kidogo, na walionishauri niipeleke kwa sonara ipimwe hawakuelewa ninachokitafuta.

Ninachokitafuta kimo ukingoni. Medali za Vita Kuu ya Pili walizopewa askari wa huku zilitoka bila jina, lakini hizi za Vita ya Kwanza zilipigwa chapa ya namba, cheo, jina na kikosi cha mwenyewe. Niliimulika kwa ubavu kwa taa ya simu na kuizungusha taratibu chini ya lenzi: namba inasomeka isipokuwa tarakimu ya mwisho, cheo ni cha askari wa kawaida, na kikosi ni batalioni ya tatu ya King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki, batalioni iliyokuwa ya Kenya ya leo. Jina limelika. Zimebaki herufi J, U na M, nami sithubutu kumwita Juma kwa ushahidi huo peke yake.

Kuna jambo jingine, na kwangu ndilo zito zaidi. Kishikio cha utepe kimekatwa, na mahali pake pametiwa kwa lehemu kipete kidogo, kazi safi ya sonara anayejua anachokifanya. Tena uso wa mfalme umesugulika mpaka ndevu hazionekani, ilhali mpanda farasi bado yu wazi. Iligeuzwa kidani, ikavaliwa miaka mingi mfalme akiwa ameelekea kifuani. Bi mkubwa mwenye nyumba aliitazama akasema, "Mwanangu, humu hakujatoka askari, ila bibi yetu alikuwa hakosi kidani cha fedha." Basi yawezekana askari aliiuza kwa uzito wake, au aliitoa zawadi, naelemea la kwanza, kwa kuwa fedha ilikuwa na mnunuzi siku zote.

Sanamu za askari zilizoko barabara ya Jomo Kenyatta hazitaji jina la mtu, na ripoti ya 2021 ya tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba maelfu kwa maelfu ya Waafrika waliokufa vitani hawakuandikwa majina kwenye kumbukumbu za vita. Huyu aliandikwa. Namba yenye tarakimu moja pungufu inaacha watu kumi tu, na herufi tatu zitawapunguza zaidi, mradi daftari la medali la kikosi hicho lipatikane. Barua ya kuliulizia imekwisha kwenda kwenye hifadhi ya nyaraka ya Uingereza, Kew. Wakati huo huo medali haing'arishwi, na inakaa kwa Bi mkubwa, ambaye ameshaniambia kwamba akipatikana mjukuu wa askari atapewa, ila kwanza aje anywe kahawa aeleze babu yake alikuwa nani.