Mapenzi ya Wimpole Street kwa Pua ya Flush: Kumbukumbu ya Mradi Wangu

Mei

Simulizi ya sauti imeshapata umbo: sehemu sita, kila moja isizidi dakika kumi na tano, msimulizi mbwa aitwaye Flush. Wanaosimuliwa ni Elizabeth Barrett na Robert Browning, washairi wawili wa Uingereza waliotoroshana mwaka 1846. Barua zao za uchumba ni 574. Asili zake zimetunzwa Chuo cha Wellesley, Marekani, na yeyote mwenye bando anaweza kuzisoma mtandaoni, mpaka mwandiko wenyewe ukauona.

Najua Virginia Woolf alishamwandikia mbwa huyuhuyu wasifu, mwaka 1933. Kitabu chake kipo kabatini na sitakifungua mpaka nimalize. Mimi natumia barua tu.

Flush alikuwa koka spanieli wa rangi ya kahawia, masikio yanaburura. Mwandishi Mary Russell Mitford alimzawadia Elizabeth, akafika Torquay, mji wa pwani Uingereza alikokuwa akiishi Elizabeth, Januari 1841. Julai iliyotangulia, Edward, mdogo wake Elizabeth aliyempenda kuliko ndugu zake wote, alizama baharini palepale Torquay. Kwa hiyo mbwa aliingia nyumba yenye msiba, na kwa sababu hiyo sehemu ya kwanza haina bwana wala barua. Ina mwanamke anayelia na mtoto wa mbwa anayelamba uso wenye chumvi. Tukio la namna hiyo Elizabeth mwenyewe alilitungia soneti.

Juni

Nimefuta rangi nyekundu yote kwenye muswada. Macho ya mbwa huona bluu na njano. Nyekundu kwake ni kama tope. Basi mapazia, mawaridi na mashavu ya aibu vyote vimeondoka, na kusema kweli simulizi imenufaika, maana nilikuwa naegemea mno mashavu ya aibu.

Pua ndiyo imechukua nafasi. Mbwa anakadiriwa kuwa na vipokezi vya harufu zaidi ya milioni 200, sisi tuna milioni tano au sita. Chumba cha Elizabeth, nyumba namba 50 Wimpole Street, London, kilizibwa madirisha majira ya baridi. Humo mna moshi wa makaa, vumbi la vitabu, dawa ya kasumba aliyoandikiwa na madaktari, na mbwa mwenyewe aliyelala miguuni pake kwenye kochi. Mwaka 1845, Januari 10, Robert anaandika barua ya kwanza. Wanaonana kwa macho Mei 20. Kwa binadamu hiyo ni miezi minne ya maneno. Kwa Flush ni miezi minne ya mwanamume anayekuja vipandevipande, karatasi baada ya karatasi: kidole, wino, tumbaku ya mtu mwingine, mfuko wa tarishi. Siku Robert anapopanda ngazi, mbwa ndiye pekee nyumbani asiyemwona mgeni. Hapo ndipo nilipojua mradi huu una miguu.

Robert alikuwa akileta maua kutoka bustani ya mama yake, New Cross. Nimeyaandika kama udongo mbichi wenye mvua, kwa kuwa Flush alikuwa na muda mrefu hajakanyaga udongo.

Nilitaka kuhakikisha habari ya ngazi. Mbwa wetu Tomi huinuka mlangoni kaka yangu akiwa bado yuko kona ya msikiti, wakati bodaboda kumi zimeshapita bila yeye hata kugeuza sikio. Nilikaa naye barazani jioni moja nikimwangalia. Kwanza sikio la kushoto. Halafu anaacha kuhema, mdomo unafungwa. Mkia unakuja mwisho kabisa. Mpangilio huo, sikio, pumzi, mkia, nimeuweka kama ulivyo kwenye muswada kila Robert anapokaribia.

Julai

Kurekodi hatua za miguu. Rafiki yangu mmoja anaishi kwenye nyumba ya zamani ya ghorofa hapa Tanga, yenye ngazi za mbao zinazolia. Tumerekodi hatua za aina tatu. Wilson, mtumishi wa Elizabeth: ndala zilizofungwa kitambaa. Robert: kiatu cha ngozi, ngazi mbilimbili, mchana saa tisa wakati baba yuko kazini. Na baba, Edward Moulton-Barrett, ambaye kila usiku alipanda kuja kusali na binti yake: buti zito, ngazi mojamoja, bila haraka. Msikilizaji hataambiwa ni nani anakuja. Akifika sehemu ya tatu atakuwa ameshawajua kwa miguu.

Sehemu ya tatu ndiyo ya kuchekesha. Flush alimng'ata Robert, Julai 1846. Elizabeth akamwombea radhi kwa barua, akisema mbwa wake hawapendi watu wasiovaa sketi za ndani, yaani wanaume. Robert hakususa, alimletea keki. Tumecheka sana studio (studio ni kabati la nguo la rafiki yangu, blanketi mbili mlangoni).

Agosti

Mwezi mzima umeishia kwenye sehemu ya nne. Shida yake ni hii: mambo mawili makubwa kuliko yote katika mapenzi haya, msimulizi wangu hakuyaona.

La kwanza ni wizi. Septemba 1, 1846 Elizabeth alitoka kununua vitu Vere Street na mdogo wake Arabel, na kufumba na kufumbua mbwa hayupo. London wakati huo ilikuwa na genge lililoishi kwa kazi hiyo: kuiba mbwa wa wenye nazo na kudai fidia. Flush alikuwa ameshaibwa mara mbili kabla. Mkubwa wao alikuwa Taylor wa Shoreditch, mtaa wa London, na usipolipa ulitishiwa kutumiwa kichwa cha mbwa wako.

Wakati Flush yuko gizani Shoreditch, wachumba wanabishana kwa barua, na ubishi huo kwangu una uzito kuliko mashairi yao wote wawili. Robert anashikilia kwamba kumlipa mwizi ni kumlea mwizi. Yeye asingetoa kitu. Kwa msimamo ni sawa kabisa. Elizabeth anamjibu: na tukiwa Italia, majambazi wakiniteka mimi, wakakutumia masikio yangu kwa barua, utawahubiria msimamo? Halafu anafanya jambo ambalo kwa mwanamke mgonjwa anayetoka kwa nadra halikutarajiwa. Anapanda gari la farasi na Wilson, wanaingia Shoreditch, dereva anauliza njia kwenye kilabu cha pombe, na wanafika mlangoni kwa Taylor. Taylor hayupo. Anatoka mkewe, mama wa miraba minne, anaongea naye kwa adabu zote. Baadaye Taylor anakuja Wimpole Street kuchukua pesa, Alfred, mdogo wake Elizabeth, anamtukana mwizi ana kwa ana, Taylor anaondoka akiapa mbwa hamtamwona tena. Mwishowe Septimus, mdogo wao, ndiye anayekwenda kuyamaliza. Gini sita, yaani pauni sita na shilingi sita.

Rafiki yangu, ambaye ndiye sauti ya Wilson, alitaka tumpe Wilson asimulie kipande hiki. "Wewe, utakosaje safari ya Shoreditch? Si ndiyo sinema yenyewe hiyo!" Ana haki ya kulalamika, ingekuwa nafasi yake ya kung'ara. Nimekataa. Mbwa akitoka kwenye simulizi, simulizi ibaki na pengo. Kwa dakika nne hakuna Elizabeth wala Robert, kuna mbwa wengine wanaohema, maji machafu, mlango, miguu tusiyoijua. Katikati, kwa mbali, gari la farasi linasimama nje, na sauti ya mwanamke mmoja inapita ukutani bila maneno kueleweka. Flush hajui kama ni yeye. Kisha gari linaondoka.

Anaporudi, nafuata barua neno kwa neno: amekonda, mchafu, haonyeshi furaha kubwa ya kumwona Elizabeth, anakunywa maji na kunywa tena. Ukimtajia watu wabaya waliomchukua, anainua kichwa na kulia. Ubishi wa wachumba msikilizaji ataupata vipandevipande, Elizabeth akimsomea dada yake huku akimfuta mbwa tope. Robert aligeuka mpole mbwa aliporudi, na mimi naamini siku zile ndizo zilizompa Elizabeth miguu ya kwenda kanisani.

Maana la pili ni ndoa. Siku kumi na moja baada ya wizi, Septemba 12, walifunga ndoa kanisa la St Marylebone, mashahidi Wilson na binamu wa Robert. Flush aliachwa nyumbani. Bibi harusi akarudi kwa baba yake bila pete kidoleni, akaishi humo wiki nzima kama binti. Hapa pua imeniokoa: mikono yake ina harufu ya dawa ya kuzindulia watu waliozimia, ya glovu za Robert, na kidole kimoja kina harufu ya chuma ambacho hakipo.

Septemba

Nilimsikilizisha shangazi sehemu nne za kwanza. Mbwa kulala kitandani lilimshinda. "Mwanangu, huyo bibi aliswali vipi?" Nikamwambia walikuwa Wakristo, shangazi. "Hata kama." Lakini kwa baba alikaa wima. Mzee yule hakutaka mtoto wake yeyote aolewe wala aoe. Watatu walithubutu, wote watatu akawanyima urithi. Barua za Elizabeth kutoka Italia alizirudisha hazijafunguliwa, na alikufa mwaka 1857 bila kumsamehe. Shangazi akasema, "Basi aliondoka bila radhi." Akanyamaza, kisha: "Lakini na yeye mzee, radhi ya nini hiyo unayoifungia kabatini?" Nimempa baba mistari miwili zaidi. Awali alikuwa buti tu.

Oktoba

Sehemu ya tano, Ufaransa na Italia, imeandikika haraka. Septemba 19 wanatoroka: mke, Wilson na mbwa anayetakiwa asibweke. Huko Vaucluse, Flush anaruka majini kumfuata Elizabeth kwenye mawe. Pisa, halafu Florence, kwenye makazi yao Casa Guidi: jua, viroboto, Robert akimnyoa manyoya, mbwa anazurura mitaani bila mwizi wa kumtaka. Mtoto anazaliwa Machi 1849 na Flush ananuna.

Sehemu ya sita inategemea nakubali nini. Flush alikufa Florence mwaka 1854; Elizabeth mwaka 1861. Msimulizi anatangulia miaka saba, kwa hiyo kifo cha Elizabeth mikononi mwa Robert, ambacho kila anayesimulia mapenzi haya humalizia nacho, mimi sinacho. Sitakiazima. Inaisha 1854, wote wawili wako hai, Robert anagombana na mpishi.

Kilichobaki: sauti ya Taylor. Namtaka mtu mzima, mpole, mwenye lugha ya dalali wa viwanja, asiyepandisha sauti hata anapotaja kichwa cha mbwa. Waliojaribu wote wananiletea jambazi wa filamu. Jumamosi nakwenda kumsikiliza fundi cherehani mmoja wa Ngamiani niliyeambiwa anabembeleza wadeni wake vizuri mno.