Wimbo Unaanza Lini?

Wiki hii nimethibitishwa kazini baada ya ile miezi sita ya majaribio, na Dada ametutangazia kwamba ana mimba, lakini usiku nikilala ninachosikia ni sauti ya shemeji, ile ya siku ya Jumanne pale sebuleni.

"Shem, wimbo unaanza lini?"

Alikuwa anamsubiri Dada ajiandae. Akaniuliza ni nini hicho ninachosikiliza kila siku peke yangu, na mimi, kwa furaha ya kuulizwa, nikakiweka kwenye spika. Spiderland, albamu ya bendi ya roki ya Slint. Mnajua albamu hii ni nini kwangu tangu mwaka ule wa msiba. Sikuwahi kumsikilizisha mtu wa nyumbani.

Nyimbo mbili za kwanza alinyamaza. Ya tatu ni "Don, Aman": gitaa tupu, drams haziguswi kabisa, na mtu anaongea kwa sauti ya chini kama anayejisemea gizani. Hapo ndipo akauliza.

"Umeshaanza," nikamjibu.

"Saa ngapi?"

"Tangu mwanzo, shem."

Akasema "Aah," akachukua simu yake. Basi. Nikazima spika kabla wimbo haujaisha, na hilo la kuzima linaniuma hadi leo.

Tangu siku hiyo namjibu kichwani. Namwambia: shem, hawa walikuwa vijana wa Louisville, Kentucky, wenye umri wa miaka ishirini hivi. Agosti 1990 waliingia studio Chicago na Brian Paulson, wakarekodi nyimbo sita kwa siku chache. Albamu ilipotoka Machi 1991 kwa lebo ya Touch and Go, bendi ilikuwa imeshavunjika. Hakukuwa na ziara wala wa kuinadi. Kwao Marekani ilipita karibu kimya. Ila Steve Albini, aliyewarekodi albamu yao ya kwanza, aliandika katika gazeti la Uingereza la Melody Maker akaipa nyota kumi, akasema baada ya miaka kumi itakuwa alama kubwa na watu watahangaika kuitafuta. Ikawa hivyo. Ilienda mkono kwa mkono, rafiki akimpa rafiki, na bendi nyingi zilizokuja kupiga gitaa za polepole, kimya kirefu halafu mlipuko, zilijifunza humo. Mwaka 2005 wenyewe walirudi jukwaani, na waliokuja kuwaona wengi walikuwa hawajawahi kuwaona kabla.

Namwambia yote hayo, halafu kichwani mwangu naye ananijibu tena: Aah.

Nilimkasirikia siku tatu. Alhamisi alipokuja kumchukua Dada sikutoka chumbani.

Ijumaa usiku, saa tano na kitu, simu ikaita mlio wa ujumbe. Ni yeye. Hakusalimia, na shemeji ni mtu wa salamu ndefu mnamfahamu.

"Shem, yule kapteni alifunguliwa mlango?"

Nikakaa kitandani. Kapteni yuko kwenye wimbo wa sita, wa mwisho kabisa: meli imevunjika, amebaki yeye, anabisha mlango wa mbao akiomba aingizwe, na kuna mtoto. Mimi nilizima kwenye wa tatu. Kwa hiyo aliitafuta mwenyewe. Aliisikiliza peke yake, karibu dakika arobaini, akafika hadi pale sauti inapoacha kunong'ona, ikapasuka.

Nimelirudia lile swali la Jumanne sasa kwa masikio mengine. Alisema "lini". Mtu aliyechoka angesema mbona hauanzi. Yeye alikuwa amekaa anausubiri. Na ile "Aah," sijui tena ilikuwa ya nini. Huenda alikuwa anaandika jina la albamu kwenye simu.

Nimeandika jibu mara nne nikafuta. Nikimwambia hakufunguliwa, siamini. Nikimwambia alifunguliwa, wimbo hausemi hivyo. Nimemtumia tu: "Njoo Jumanne tuusikilize tena." Amejibu sawa, na kwamba nisizime.

Mama hajapiga simu tangu Jumatano. Kila Alhamisi akitoka kliniki hunipigia kunisomea presha yake, na wiki hii, katikati ya haya yote, nimekumbuka leo jioni. Simu yake inaita hadi inakatika.