Moteri tatu na hewa ya Lubumbashi

Kila nikipandisha picha ya moteri (injini) ya zamani, swali ni lile lile: "Papa, hiyo ina farasi wangapi?", yaani ina nguvu kiasi gani. Vijana ninaowafundisha garajini nao hawana jingine. Nimeamua niandike mara moja, nisiwe narudia kwenye simu kila jioni.

Nimeinamia makapo (boneti) ya magari ya watu miaka 37 sasa, kwanza Kamalondo kwa baba mdogo, halafu kwangu hapa Kenya (komini ya Kenya, msije mkanitafuta Nairobi). Siku nyingi kazi ni Hiace na Corolla. Lakini zimepita mikononi mwangu gari tatu za spoti ambazo nilizifungua, nikazifunga na kuziendesha mwenyewe: Jaguar E-Type ya lita 4.2, Porsche 911 T ya lita 2.2, na mwaka jana Alfa Romeo 1750 GT Veloce. Nyingine nimezisikia zikipita tu, na moteri uliyoisikia ikipita hujaijua.

Basi hao farasi. Lubumbashi iko juu ya bahari kwa mita 1,200 hivi. Hewa ya hapa ni nyepesi, na moteri isiyo na turbo (kifaa cha kuisukumia hewa ndani) inavuta pumzi pungufu kwa karibu sehemu moja ya nane. Maana yake, kati ya farasi wanane walioandikwa kitabuni, mmoja alibaki bandarini. Karburateri, kile chombo kinachochanganya esansi na hewa, nayo haina habari kwamba imepanda: inaendelea kumimina esansi kwa kipimo cha pwani, buji (plagi za cheche) zinakuwa nyeusi kama chungu, gari linakohoa. Dawa ni jikleri, kile kikipande cha shaba chenye tundu la kupitishia esansi. Unatoa chenye tundu kubwa, unaweka chenye tundu dogo. Wasomaji wa Dar na Mombasa mnisamehe: kwetu gari hunywa esansi, petroli ni mafuta ya taa. Ila ukinunua ya chupa kandokando ya barabara, mara nyingine unainywesha vyote viwili, na moteri inaanza kugonga kama mtu anayetikisa misumari ndani ya kopo. Hapo huna budi kurudisha avansi, yaani wakati wa kutoa cheche, nyuma kidogo, na farasi wengine wanakwenda zao. Kwa hiyo ukiniuliza ni wangapi, na mimi nakuuliza: wa wapi?

Jaguar ndiyo inayodanganya watu zaidi kwa namba. Kitabu chake kinasema 265. Ajabu ni kwamba E-Type ya kwanza ya mwaka 1961, yenye lita 3.8, iliandikiwa 265, na hii ya lita 4.2 iliyoifuata mwaka 1964 ikaandikiwa 265 vilevile. Tena walihesabu kwa mtindo wa zamani, moteri ikiwa juu ya meza, haijabebeshwa feni wala bomba la moshi la gari lenyewe. Ukitoa hayo, ukatoa na hewa yetu, idadi inayobaki inatia huruma. Lakini mwenye gari, mzee mmoja aliyekuwa na duka la vitambaa mjini, sikumsikia hata siku moja akitaja farasi. Nilielewa siku baba mdogo aliponipa usukani.

Tulikuwa barabara ya Likasi, nyuma ya lori la shaba lililokuwa likitambaa. Nilikuwa gia ya nne, mizunguko labda 1,500 kwa dakika, mahali ambapo gari jingine lolote lingenidai nirudishe gia. Nikataka kurudisha. Baba mdogo akanigonga mkono: "Acha. Kanyaga tu." Nikakanyaga. Moteri haikupiga kelele. Iliguna, kama mzee anayeguna kabla ya kujibu, halafu lori likawa nyuma yetu. Pistoni za moteri hii zinasafiri milimita 106 kutoka juu mpaka chini, safari ndefu kuliko upana wa silinda yenyewe. Urefu huo ni ule ule wa mwaka 1948, moteri ilipoonekana mara ya kwanza ndani ya Jaguar XK120 ikiwa na lita 3.4. Ili kufika 3.8, kisha 4.2, walipanua silinda tu, safari hawakuigusa. Na ukoo huo haukuwa wa maonyesho: ulishinda mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, mara tano kati ya mwaka 1951 na 1957.

Safari ndefu inalipiwa. Kwa mizunguko 5,500 kila pistoni inakimbia wastani wa mita 19 kwa sekunde, huku ikisimama na kugeuka kila inapofika mwisho. Usukani unakuambia kabla ya saa ya mizunguko: kuna mtetemo mdogo unaingia vidoleni, ni adabu ya gari kukuomba upunguze.

Na joto! Mwezi wa Oktoba, foleni ya pale tunapolipia barabara, mshale wa maji ukapanda mpaka baba mdogo akafungua hita ya gari yote, vioo chini, ili moteri ipumulie ndani kwetu. Tukakaa tunachemka, mzee wa vitambaa katikati yetu akiwa na tai yake, na madereva wa malori wakitutazama kama watu walioingia jikoni kuota moto saa saba mchana. (Ndiyo, watu watatu ndani ya gari la viti viwili. Msiulize.)

Porsche niifupishe, kwa sababu sehemu kubwa ya habari yake ni aibu yangu. Aliileta mhandisi mmoja wa migodi aliyesikia kwamba nazijua Coccinelle, zile Volkswagen za mgongo wa duara. Niliona feni, silinda zimelala kushoto na kulia, hakuna radieta, nikasema moyoni: hii ni Coccinelle iliyoongezewa silinda mbili. Asubuhi nikachomoa kijiti cha kupimia mafuta, moteri baridi. Kikavu. Nikaongeza lita. Bado. Nikaongeza nyingine. Sikujua kwamba mafuta ya 911 hayakai chini ya moteri. Yana tangi lake pembeni, na yanapimwa moteri ikiwa moto, inanguruma, gari limesimama mahali pa tambarare. Nilipoiwasha na kuipasha, mafuta yaliyozidi yakapanda mpaka kwenye chujio la hewa, na uwanja mzima ukajaa moshi wa buluu. Jirani anayekaanga samaki alifunga biashara siku hiyo. Nilimlipa.

Nilipoijua, niliiheshimu. Pistoni zake zinasafiri milimita 66 tu. Ukiipeleka mizunguko 6,500, zinakwenda kama mita 14 kwa sekunde, pungufu sana kuliko za Jaguar, ingawa kwa sikio unaweza kuapa ndizo zinazoteseka. Chini ya mizunguko 3,000 ni Coccinelle yenye afya njema, basi. Ukivuka 4,000 ile sauti ya feni na mnyororo inajikusanya, inakuwa mlio mmoja mgumu unaokusukuma mgongoni. Farasi 125 kitabuni, na wote wanafanya kazi. Lakini vali (sisi tunasema supapu) ni 12, kila moja inataka nafasi ya sehemu moja ya kumi ya milimita, na nusu yake unazipima ukiwa umelala chini, mkono umepita kwenye mabomba ya moshi. Nina kovu kwenye kifundo cha mkono wa kulia. Naiheshimu kama ninavyomheshimu daktari wa meno.

Alfa ilikuja juu ya lori ikitokea Zambia, kupitia Kasumbalesa, vioo vimefungwa kwa magazeti. Ilikuwa ya baba wa msichana mmoja muuguzi. Baba alifariki, binti hakutaka kuiuza. "Papa fundi," akaniambia, "sitaki iwe mpya. Nataka ilie kama ilivyokuwa ikinipeleka shule." Nikamjibu: "Mama, sauti ndiyo kazi ngumu kuliko rangi."

Silinda nne, sentimita za ujazo 1,779. Kwa Jaguar hiyo si hata nusu. Lakini fungua kapo: kizimba cha aluminiamu chenye silinda za chuma unazoweza kuzitoa moja moja, mihimili miwili ya kamu (inayofungua supapu) juu ya kulasi, kichwa cha moteri, karburateri mbili za Weber zimelala ubavuni na midomo minne, kila silinda na mdomo wake. Hakuna kupokezana pumzi. Ukoo huu ulianza na Alfa Giulietta mwaka 1954 na ulidumu kazini karibu miaka 40, kwa hiyo si mchezo wa mtu aliyekuwa na bahati mara moja.

Kuipatanisha midomo minne hakuhitaji mashine. Nina kipande cha bomba la mpira, urefu wa mkono kutoka kiwiko mpaka vidole. Ncha moja sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kwanza, moteri iko kwenye ralanti, inanguruma bila kukanyagwa. Unasikia ssss. Unahamia wa pili: ssss. Wa tatu: shhh, mzito, unavuta kuliko wenzake. Wa nne unafanana naye. Hapo unajua karburateri ya nyuma imefunguka zaidi ya ile ya mbele. Katikati yao kuna kijiskrubu. Unakizungusha kidogo tu, kama unene wa ukucha, unarudi kusikiliza. Mwanafunzi wangu alihesabu nilirudi mara 22. Jikleri nilikuwa nimeshazibadilisha, buji zilikuwa zikitoka na rangi ya kahawa iliyotiwa maziwa, nzuri kabisa. Kisha ghafla midomo yote minne ikawa na pumzi moja, ya mtu aliyelala vizuri, na ralanti ikapanda yenyewe bila mtu kuigusa.

Niliijaribu Jumapili ya Julai, asubuhi, ile baridi yetu ya kiangazi inayowavalisha watu makoti. Nikashika barabara ya Kasapa kuelekea chuo kikuu. Gia ya pili, 3,000, nikakanyaga mpaka chini. Kuna sauti mbili. Ya nyuma ni ya bomba la moshi, hiyo kila gari inayo. Ya mbele ni ya midomo minne inayonyonya hewa ya Lubumbashi, hiyo hiyo pungufu, kwa tamaa ambayo Jaguar haikuwahi kunionyesha. Inakuwa pana kadiri unavyopanda, 4,000, 5,000, na mguu wako na sauti ni kitu kimoja: ukilegeza unywele, inashusha unywele. Gia ya tatu. Bado sijafika mwendo wa kukamatwa na polisi, na tayari nimeitumia yote niliyopewa. Jaguar sikuwahi kuimaliza. Hapa kwetu hakuna barabara ya kuimalizia, mashimo yanakuamulia kabla hujaamua. Alfa ina farasi karibu 120 wa kitabuni, mmoja kati ya wanane yuko bandarini, na waliobaki wote nilikuwa nao mkononi kati ya taa moja na nyingine.

Saa nne nilikuwa nimerudi garajini. Binti alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, anasubiri. Nikamwambia kuna kitu karburateri ya nyuma bado haijaniridhisha, ninahitaji kwenda tena.

Karburateri haikuwa na kitu. Nilikwenda mara tatu.