Chupa za juu ya kabati

Juzi kitinda mimba wangu kapanda kiti anatafuta chaja, akaziona chupa juu ya kabati. Ziko nane, kila moja ina tarehe niliyoiandika kwa kalamu nene.

"Mama, hizi mbona hatunywi?"

Nikamwambia za majaribio. Majaribio ya nini? Hapo ikabidi nikae.

Mlioanza nami enzi za madumu mnaijua ile juisi: ukwaju wa Dodoma, tangawizi ya Same. Nachemsha, nachuja, naiacha ipoe kwenye ndoo, ndipo najaza chupa za plastiki za nusu lita. Nilikuwa naipoza kwa sababu chupa zile ukizitilia kitu cha nyuzi 70 na kuendelea zinajikunja kama mtu anayeumwa tumbo. Kumbe humo kwenye ndoo, inapopoa, ndimo hamira za hewani zilimokuwa zinaingilia. Sikujua. Maofisini nilikokuwa nauza, juisi haikumaliza siku mbili. Itakuwaje siku ya kumi, nani angeniambia?

Kisha supermaketi moja ikakubali kunichukulia. Katoni 20, chupa 240, mali kauli, hela baada ya siku 45. Nikakopa kikoba. Alama ya ubora ya TBS, shirika la viwango, nilikuwa ndiyo kwanza nimeomba, meneja akasema tuanze tu. Ila lebo lazima iwe na tarehe ya mwisho wa matumizi. Nikafungua friji, nikatoa juisi ya kampuni kubwa, nikasoma: miezi 6. Na mimi nikaandika miezi 6. Ndivyo nilivyofanya utafiti wangu.

Siku ya tisa, Alhamisi, simu ikaita. "Dada yangu, njoo sasa hivi. Njoo na kitambaa."

Nilizikuta rafuni zimeegemeana kama walevi. Vitako vimesukumwa nje, haziwezi kusimama, na lebo zimevutika mpaka tangawizi niliyochorewa imenenepa. Mbili zilikuwa zimeshapasuka, sakafu inanata, na harufu ni ile ya togwa iliyopitiliza. Meneja hakugomba. Alichukua moja, akaiinua usawa wa macho yangu, akaanza kuizungusha kizibo anionyeshe. Nilitaka kumwambia asifungue. Nakumbuka hata mdomo niliufungua.

Kizibo kiligonga dari. Juisi ilimpata kuanzia kola hadi mkanda, shati jeupe, na ukwaju mnaujua kwenye nguo nyeupe. Mama mmoja aliyekuwa na kikapu chake kwenye foleni akasema "Astaghfirullah," kisha dukani kukawa kimya. Tukawa tunasikia povu tu likishuka kwenye chupa, shhhh, kama linatuomba radhi.

Mengine ni ya haraka. Nilipakia zilizobaki kwenye bajaji, nikazifungua moja moja juu ya mtaro, nimejifunga kanga usoni. Kikoba nililipa hadi Ramadhani iliyofuata. Supermaketi haikunipigia tena. Aliyenitafuta ni mlinzi wao tu. Alikuwa amebaki na chupa moja, akataka kujua kama ile "kali" bado ninayo.

Baadaye, kwenye mafunzo ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, mwalimu aliniuliza swali moja: hiyo tarehe uliipataje? Siku hizi natumia chupa za kioo, najaza ikiwa nyuzi 85, nafunga, nazilaza ili moto ufike kwenye kizibo. Kioo ni ghali, kizito, na bodaboda wananivunjia. Kila ninapopika nabakiza chupa kadhaa, nyingine friji, nyingine juu ya kabati kwenye joto letu hili la Dar, nione zitafika wapi.

Vijana wananiuliza kuhusu jina, kusajili biashara BRELA, lebo ya kuvutia. Nawaambia subirini kwanza muone chupa inakufa lini. Halafu nikijifikiria mwenyewe: ningesubiri, ningeanza kweli? Zile 240 ndizo zilizonipa jeuri ya kununua lebo za kuchapishwa, na lebo ndizo nilizobaki nazo.

Mtoto alisikiliza yote hayo. Akauliza ya kwanza tunaifungua lini. Nikamwambia Jumapili.

"Nivae koti la mvua?"