Nilivyojifunza kufuatilia habari za Goma nikiwa Mwaloni

Ninauza dagaa Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, Mwanza. Wateja wangu wengi ni Wakongo, kwa hiyo vita ya kwao inanigusa moja kwa moja: mji wao wa Goma, mashariki ya Kongo, ukifungwa, magunia yangu yanalala hapa.

Mwisho wa Januari 2025, waasi wa M23 walipoingia Goma, simu yangu ilijaa klipu. Moja ilionesha anga jekundu usiku, watu wanakimbia na magodoro kichwani, na maneno kwamba mji unateketea kwa mabomu. Niliituma kwenye makundi matatu bila hata kuuliza. Kisha nikamwonesha mama mmoja wa Goma, mteja wangu wa siku nyingi, aliyekwama Mwanza huku watoto wake wako kule. Alikaa juu ya gunia, mikono inamtetemeka. Akaitazama, akairudia.

"Hapana, dada. Hii ni volkano. Usiku huo nilikimbia mimi mwenyewe."

Ilikuwa Nyiragongo, mlipuko wa Mei 2021.

Uso wake kabla hajaitambua sijausahau. Niliomba radhi kwenye yale makundi, lakini klipu ilishakwenda zake. Nikamkumbuka marehemu mama. Mwaka 1994 mto Kagera ulileta maiti kutoka Rwanda mpaka ziwani, watu wakaogopa kula samaki, na mama alituambia kuwa mauaji yale yalichochewa na redio. Alikuwa anaisema RTLM, redio ya Rwanda. Na mimi nilikuwa nimeshika redio yangu mkononi.

Yule mama wa Goma ndiye aliyenifungulia Radio Okapi, redio ya habari ya Kongo, kwenye simu. Ilianza 2002, inatangaza kwa lugha tano, Kiswahili kikiwemo. Kiswahili chao kilinipiga chenga siku za mwanzo, nikazoea. Baadaye mwanangu wa kidato cha tatu akawa ananisomea The New Humanitarian, tovuti ya habari inayoandika zaidi kwa Kiingereza. Ilianzishwa na Umoja wa Mataifa 1995, baada ya mauaji ya Rwanda, ikajitegemea tangu 2015. Hilo la nani analipa ninaliangalia sana. Okapi bado iko chini ya Umoja wa Mataifa, kwa hiyo habari ikiwahusu walinda amani wenyewe, natafuta na kwingine. Kwenye vyombo hivyo ndiko nilikofahamu kuhusu Rubaya, machimbo ya madini ya koltani yaliyotekwa na M23 mwaka 2024. Koltani ndiyo inayoingia kwenye simu hizi hizi. Kwenye makundi yetu hakuna aliyewahi kuitaja. Tulikuwa tunaambiwa ni ugomvi wa makabila tu.

Faida yake niliiona Februari. Yule mama alikuwa na deni la magunia sita kwa wenzangu, na hela ilikuwa itoke Goma. Siku zikapita, haikuja. Wakaanza kumwita tapeli mbele yake, mmoja akataka kuchukua simu yake iwe rehani. Jioni hiyo Okapi ikatangaza kwamba benki za Goma zimefungwa. Kesho yake niliiweka simu juu ya mizani, sauti mpaka mwisho, nikawaita wote wasikilize wenyewe. Aliyetaka rehani aliniomba nirudie mara mbili.

Wakampa muda. Deni alilimaliza Juni, kidogo kidogo.