Laiti Ningalikufa Mimi

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

"Laiti ningalikufa mimi badala yako." Mfalme Daudi alimlilia hivyo mwanawe Absalomu aliyeuawa vitani, juu ya lango la mji (2 Samweli 18:33). Kilio hicho kimenirudia wiki hii nikisoma hadithi ya Kijapani.

Mwaka 1945 ndege za Marekani ziliuteketeza mji wa Kobe kwa mabomu ya moto. Mwandishi wa hadithi hiyo, Nosaka Akiyuki, alikuwa na miaka 14. Akabaki na mdogo wake wa kulelewa naye, binti asiyetimiza hata miaka 2, na mtoto yule akafa kwa njaa.

Miaka 22 ikapita ndipo akaandika Kaburi la Vimulimuli. Humo kaka anaitwa Seita na dada Setsuko. Seita anamhangaikia dada chakula, anamkamatia vimulimuli wawamulikie gizani. Setsuko anakufa. Yapata mwezi mmoja baadaye, Seita naye anafia kwenye kituo cha treni, akiwa na kopo la peremende lenye mifupa ya mdogo wake.

Wasomaji walimpenda mno kaka huyo. Lakini mwandishi alikiri kwamba yeye hakuwa Seita. Chakula kilipopungua alikula yeye, na mtoto alipolia usiku alimpiga kichwani anyamaze. Basi kwenye karatasi akamfanya kaka kuwa mwema kuliko alivyokuwa yeye, kisha akamwua. Daudi alitamani tu, huyu aliandika.

Nimejiuliza ningemwambia nini kama angeketi nasi kwenye ibada ya nyumbani. Najijua: ningesema, "Ulikuwa mtoto, vita ndivyo vilivyomwua," au, "Mungu ameshasamehe, sahau." Yote mawili ni kweli, ila ningeyasema ili nipumzike mimi. Aliyeomba, "Dhambi yangu i mbele yangu daima" (Zaburi 51:3), hakuomba asahau. Nosaka aliishi hadi 2015, na aliendelea kuyasimulia yale.

Daudi naye alipata mfariji wa aina yangu. Yoabu, jemadari wake, ambaye ndiye aliyemchoma Absalomu, aliingia akamwamuru mfalme ainuke akaseme na watu wake. Kwa mambo ya ufalme Yoabu alikuwa sahihi, sibishi. Lakini juu ya mtoto hakuuliza neno.

Wiki hii tusome 2 Samweli 18 yote, polepole. Tukifika mstari wa 33 tufunge Biblia, tukae kimya na mfalme kabla Yoabu hajaingia.